Siku Tuliyopeleka Gauni la Kijapani Malaba

Wewe uliyenisimamisha sokoni Funyula ukaniuliza kama ni kweli nilimfukuza mwenye studio kutoka ndani ya studio yake, na wewe uliyenipigia simu ukaanza kucheka hata kabla ya salamu, ketini niwaeleze wote mara moja. Ndiyo, ni kweli. Lakini siku nzima sikuelewa lolote lililokuwa likinitokea. Nifuateni polepole, na huenda ninyi mkaelewa mapema kuliko mimi.

Mnamjua Taaka, kitinda mimba wangu. Tangu amalize chuo amekuwa nyumbani akichora. Huchora asubuhi, huchora akipika, na ugali umeshaungua mara nyingi kwa sababu ya pua ya mtu fulani kwenye karatasi ambayo haijakaa sawa. Kule Malaba kuna studio ndogo inayotengeneza katuni, zile picha zinazotembea, na mwenye studio alikuwa anatafuta mchoraji mmoja. Yeye na Taaka walikuwa wamezungumza kwa simu tu. Wafanyakazi wake humwita Direkta, Taaka naye akamwita Direkta, na mimi sikumjua kwa jina lingine.

Direkta alimwagiza Taaka alete gauni la mtindo wa vijana wa Japani, kwa maana katuni yao mpya ina msichana anayevaa hivyo. Halafu akae mbele yake achore jinsi gauni hilo linavyotikisika mtu akitembea. Na ilikuwa lazima iwe siku hiyo hiyo, kwa sababu jioni Direkta alikuwa anasafiri kwenda Nairobi, na kama Taaka hajaonekana, nafasi ingekwenda kwa msichana mwingine.

Upande wa pili palikuwa na wakala aliyekwisha kumtengenezea Taaka pasipoti ya kwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba.

"Mama, nikikosa Malaba, naenda," aliniambia.

Nilichukua mkoba wangu nikasema nitamsindikiza.

Kutoka Nangina hadi Matayos

Wandera, dereva wa pikapu ya kanisa, alikuwa anapeleka viti Busia, akatupa nafasi mbele. Asichotuambia ni kwamba nusu ya viti ilikuwa ishuke Matayos, kwenye matanga.

Sasa lazima niwaeleze Taaka alivyovaa, la sivyo hamtaelewa. Kuna vijana wa Japani waliochoka kuvaa kama watu wote, wakaamua kuvaa kama wanasesere wa zamani. Wengine huchagua rangi za peremende, wengine huchagua nyeusi tupu. Taaka ni wa nyeusi. Soksi nyeusi hadi magotini, viatu vyeusi vizito kama matofali, na shingoni kola ya lesi aliyoishona mwenyewe. Kwake hayo ni mapambo. Matayos waliyasoma vingine.

Mara tu tuliposhuka kunyoosha miguu, mama mmoja mwenye utepe kifuani alimkumbatia Taaka kwa nguvu.

"Pole mwanangu. Pole sana. Kujeni mbele, nyinyi mmetoka mbali."

Nilifungua mdomo kueleza, lakini mtu anayekupa pole huwezi kumkatiza. Tukaketishwa mstari wa mbele, tukanawishwa mikono, tukaletewa ugali na nyama.

"Mama," Taaka akaninong'oneza, "tumefiwa na nani?"

"Sijui. Kula kwanza."

Nilidhani Wandera atamaliza viti vyake tutoroke. Lakini Wandera naye alikuwa amepewa sahani. Halafu mwendesha shughuli akashika kipaza sauti: "Sasa tupate neno kidogo kutoka kwa wageni wetu wa Nairobi." Nikageuka nyuma kuwatafuta wageni wa Nairobi. Watu wote walikuwa wananitazama mimi.

Nilisimama. Kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke, sikujua. Nikasema kwamba huyu alikuwa mtu wa kuunganisha watu, na ushahidi ni sisi wenyewe, maana bila yeye tusingekuwa tumeketi hapa pamoja. "Kabisa!" wakaitikia. Bibi mmoja akapangusa macho akasema, "Ndiye huyo huyo. Huyu mama alimjua." Nikaketi huku jasho likinitoka. Tulipoondoka walitufungia mkungu wa ndizi.

Sokoni Busia

Mnaponunua mitumba, kumbukeni kwamba muuzaji hajui nguo ilikuwa nini kule ilikotoka. Anaijua kwa kazi anayodhani itafanya hapa. Nililisahau hilo, ndiyo maana tulizunguka soko zima tukiuliza jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mwisho tukaelekezwa kwa Hamisi, ambaye mizigo yake hutoka Asia.

"Karibu mama, karibu dada. Mnatafuta nini?"

"Gauni la Kijapani," Taaka akasema. "Sketi imefura hivi, marinda juu ya marinda, lesi kila mahali, mikono kama puto."

"Ya kwenda wapi?"

"Malaba."

Hamisi akanigeukia mimi. "Mama, huyu anaenda kuolewa ama anaenda kuzika?"

"Anaenda kazi."

"Kazi gani hiyo ya puto?"

Nikajaribu kumweleza kuhusu katuni. Nilieleza vizuri sana, hata mimi nikaanza kuelewa kidogo. Hamisi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, akatutolea joho la kwaya. Taaka akakataa. Akatoa gauni la msichana wa kushika maua harusini. Akatoa shuka lenye marinda, akasema fundi anaweza kulifanyia mikono.

Taaka alikuwa ameacha kumsikiliza. Alikuwa anatazama kona ya kibanda, mahali wateja hujaribia nguo. Palikuwa na pazia jeusi lililoning'inizwa kwa pini.

"Hilo ni gauni," akasema.

"Hilo si la kuuza. Hilo ni pazia."

"Liko juu chini. Angalia mikono hiyo!"

Hamisi akasogea, akainua kitambaa kilichokuwa kinaning'inia. "Nimekuwa nikijiuliza," akasema, "kwa nini pazia liwe na mikono."

Taaka hakungoja. Alikuwa ameshachomoa pini mbili wakati sauti nzito ilipotoka ndani: "Wee! Nani anafungua? Mimi niko hapa na suruali nusu!"

"Nyabo, vaa haraka," Hamisi akamwambia, maana mteja alikuwa mwanamke aliyevuka kutoka ng'ambo ya Uganda, na huko ndivyo bibi huitwa. "Pazia limepata kazi Malaba."

"Na mimi je?"

Basi nikavua leso yangu kiunoni nikaishika mbele yake mpaka akamaliza. Akatoka amenuna, akalitazama gauni ambalo Taaka alikuwa amelikumbatia, akalitazama tena. "Lakini ni zuri," akasema. Hamisi akasema pazia lake litakuwa leso yangu, na mambo yakaishia hapo. Ndani ya kola mlikuwa na kijilebo cha maandishi ya Kijapani. Taaka alikipitishia kidole tena na tena kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

Busia hadi Malaba

Gauni kama lile halikunjwi. Ukilikunja marinda yanalala, na yakilala hayachoreki. Hivyo alivyonieleza Taaka, na nikakubali, kwa hiyo ilibidi alivae. Alichukua kiti kizima cha nyuma cha teksi tuliyopanda peke yake, mimi nikakaa mbele na ndizi za Matayos mapajani. Dereva alimtazama kwenye kioo mpaka nikamwomba atazame barabara.

Kabla ya kufika mjini Malaba tukakuta foleni ya malori imezuia njia. Dereva akazima gari, akafungua mlango, akalala. Nikauliza tutangoja mpaka saa ngapi. "Mama, hiyo uliza lori," akanijibu macho yakiwa yamefungwa.

Tukashuka tukatembea kati ya malori. Mimi nyuma nimeshika marinda yasiguse matope, Taaka mbele amebeba ndizi. Madereva walikuwa wanapika chai kando ya magurudumu.

"Bi harusi!" mmoja akaita. "Bwana yuko wapi?"

"Yuko kwenye foleni, nyuma yako!" Taaka akamjibu, na malori yote yakacheka. Nilifurahi. Tangu asubuhi sikuwa nimesikia sauti yake ikitoka kwa nguvu hivyo.

Ndani ya studio

Studio ni chumba kimoja cha mabati, kando ya ghala la mahindi. Mlango uko mbele na dirisha liko nyuma. Nami sikuzoea kuingia kwa watu kama paka. Nilisimama mlangoni nikajitambulisha kama nilivyofundishwa: mimi ni Mama Taaka wa Nangina, binti wa mzee fulani, wa ukoo fulani, na huyu ni binti yangu, tumeitwa.

Ndani kitu kikaanguka. Nilipoingia niliona kiti kinazunguka bila mtu, kikombe cha chai kinatoa mvuke, na miguu miwili yenye slipas inamalizikia dirishani.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Msichana aliyekuwa kwenye kompyuta, mtu wa Nakuru aitwaye Shiro, alikuwa ameshangaa kuliko mimi. Simu yake ikalia. Akasoma ujumbe.

"Huyo ni... fundi wa stima," akasema.

"Na Direkta?"

Akasoma tena. "Direkta hayupo."

Nikasema hakuna neno, tutamngoja. Nikaketi kwenye kile kiti kinachozunguka, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Shiro ana adabu. Alinionyesha kazi yao, kuku mmoja anayedonoa mtama. Akanieleza kwamba kuku yule hatembei hata kidogo. Ni picha nyingi zilizosimama, kila moja imebadilika kidogo tu, zikipita haraka mbele ya macho. Nikamwambia nimeelewa: mtoto unayeishi naye humwoni akikua, lakini ukipanga picha zake zote toka utotoni na kuzipitisha upesi, utamwona anainuka kama mche wa mahindi. Shiro akasema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo. Simu ikalia.

"Mama," akasema, "Direkta anasema ukakae nje kidogo, kuna upepo mzuri."

"Si umesema hayupo?"

"Hayupo."

"Sasa anasemaje?"

Akaitazama simu kwa huzuni. Nikamwambia nashukuru, upepo wa humu unanitosha. Baadaye kidogo ikaletwa soda, ikawekwa juu ya stuli nje, mbali kabisa na mlango, na Shiro akasema ni yangu. Nikamwomba aniletee ndani. Halafu nikasikia mtu akikohoa nyuma ya ukuta. Nikamwambia Shiro yule fundi wa stima ana kifua, apewe maji ya moto.

Taaka alikuwa amesimama pembeni na gauni lake lote, kalamu mkononi, uso umekauka. "Mama, hanitaki," akasema kwa sauti ndogo. "Ameniona mlangoni akatorokea dirishani. Twende tu."

Nami nikafikiri ndivyo ilivyo. Nilifikiri mtu huyu amemdharau mtoto wangu na hana ujasiri wa kumwambia. Ndipo nikakaza kukaa. Nikamweleza Shiro kwa upole kwamba kwetu mgeni haondoki bila kumsalimu mwenye nyumba. Nikamwambia aandike hivyo kwenye simu yake: mama hatatoka mpaka ampe Direkta mkono.

Shiro akaandika. Nje tukasikia kama mtu ameegemeza kichwa chake kwenye mabati.

Jua lilikuwa limeanza kushuka wakati mwanamke mwenye ujauzito alipoingia na chakula kwenye kikapu. Alikuwa Nabwire, binti wa dada yangu mdogo! Mnamkumbuka, aliolewa na watu wa Amukura.

"Mama Mkubwa!" akapiga kelele, tukakumbatiana. "Umekuja lini? Unafanya nini hapa?"

"Namngoja Direkta. Na wewe?"

"Nimemletea bwanangu chakula." Akatazama kiti nilichokuwa nimekalia. Akatazama dirisha. Kisha akashika tumbo, akaketi chini sakafuni, akacheka mpaka nikaogopa atajifungua.

Ninyi mmeshaelewa. Mimi ilibidi nielezwe. Kwetu mkwe na mama wa mke wake hawaketi chumba kimoja, hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na mama si yule aliyezaa peke yake, dada zake wote ni mama. Siku walipoleta ng'ombe nilijifungia jikoni, na harusini nilitazama pembeni mpaka shingo ikaniuma. Uso wake sikuwahi kuuona, na nyumbani jina lake hatulitaji, tunasema tu "wale wa Amukura". Taaka wakati huo alikuwa shule ya bweni. Lakini huyo mkwe jina la baba yangu analijua, kwa kuwa ndiye babu wa mke wake, na nililitangaza mlangoni kama kengele. Angefanya nini maskini? Angemweleza vipi msichana wa Nakuru kwa ujumbe wa simu? Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba yake tangu tulipofika, akiniombea nitoke, na mimi namtumia salamu kwamba lazima nimshike mkono.

Kwenye ghala la mahindi

Nilitoka mbio. Yeye naye, kusikia kicheko cha mke wake, alikuwa anazunguka kuja mbele. Tulikutana pembeni mwa nyumba. Yeye akaugeukia ukuta, mimi nikaligeukia lori lililokuwa hapo, na kila mmoja akapita akiwa amempa mwenzake mgongo. Mwenye ghala, Mama Amoit, akanivuta ndani akanikalisha juu ya gunia. Hakuniuliza kitu. Watu wa Teso desturi hiyo wanayo pia.

Ukuta kati ya ghala na studio ni bati moja. Nilisikia kila kitu na sikuona kitu. Nabwire alivaa gauni, maana Taaka hawezi kuvaa na kuchora kwa wakati mmoja. Lilipita tumboni kwa shida, kukawa na kicheko kingine. Kisha viatu vikaanza kutembea.

"Tembea. Geuka. Tena," ilisema sauti ya mwanamume. Halafu kalamu ikakwaruza kwa muda mrefu.

"Hapa umekosea," akasema. "Mguu umesimama, na sketi yako imesimama nayo."

Moyo wangu ulianguka ndani ya mahindi. Nilitaka kupiga bati nimweleze kwamba mtoto ametembea na njaa kati ya malori. Mama Amoit akanishika mkono.

"Naomba atembee tena," nikamsikia Taaka. Hakuomba radhi. Viatu vikapita. "Eeh. Nimeona. Mguu ukisimama, sketi bado iko njiani."

Kalamu ikarudi kazini. Nje malori yaliwasha injini, yakasogea, yakazima. Nilikuwa nimesogeza sikio hadi kwenye bati.

"Pitisha haraka," Direkta akasema. Karatasi zikachakarika. "Pitisha tena." Zikachakarika tena. "Shiro, njoo uone hii."

Kisha hatua zikasogea hadi ukutani, na ile sauti ikaja karibu kabisa, ikiwa imeelekezwa kwingine.

"Nabwire, mwambie mama shikamoo."

"Mama Mkubwa, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba, na pole kwa kukaa nje."

"Anasema marahaba na pole."

"Mwambie si neno. Mwambie mtoto anaona vizuri. Mkono bado mzito, lakini mkono hufundishwa. Aanze Jumatatu, atakaa kwetu na wewe."

Nabwire akaanza kurudia neno kwa neno, na Mama Amoit akashindwa kuvumilia. "Si mzungumze tu! Soko zima linasikia!"

"Nabwire," nikasema, "mwambie nimesikia. Mwambie Mungu ambariki."

"Nimemwambia." Akamsikiliza mumewe. "Mama Mkubwa, anaomba jambo moja. Anasema Jumatatu Taaka aje peke yake."

Taaka aliingia ghalani na vumbi la penseli hadi kwenye kiwiko. Alitoa simu, akampigia yule wakala, akamwambia asimsubiri, akakata kabla hajajibiwa. Ndipo akaketi kando yangu juu ya gunia, tukala ndizi.

Basi wewe mwenye mtoto anayechora, mpeleke, usiogope, njia ni ndefu lakini watu watakulisha. Ila ukifika mlangoni simama nje, uliza mwenye studio ameoa wapi, na ukishajibiwa ndipo uingie.